Sura ya Kumi na Moja: Nisilolitaja

Simu ilikuwa juu ya mkeka, katikati ya watu wanne, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Kioo chake kilionyesha mstari mtupu wa kuandikia, na chini yake maandishi mekundu: majaribio yaliyobaki, mawili.

"Saa tano na robo," alisema Inspekta Hamza. "Tuna saa tatu na robo. Baada ya hapo tutairudisha kwenye ndoo ilimotumbukia, ikapoe."

Hakuna aliyecheka. Hamza alikuwa mtu wa Kondoa, mwenye mzaha mkavu uliomjia zaidi kadiri mambo yalivyomwendea kombo, na mwezi huu mzaha ulikuwa unamjia sana. Siku thelathini kamili zilizopita, ghala la alizeti la ushirika wa hapa Mlali liliungua mchana kweupe, kijiji kizima kikiwa makaburini. Dereva wa lori, Suleiman, aliyekuwa amejilaza ndani kwenye magunia akisubiri kupakia, hakutoka. Mlinzi Batholomeo alikutwa nje ya lango, dumu la petroli mkononi. Alisema alilikuta limetupwa kwenye majani. Hamza hakumwamini, na ni Hamza mwenyewe aliyemtia pingu. Sasa Batholomeo alikuwa mahabusu Dodoma kwa kesi ya mauaji, kesi isiyo na dhamana, na wiki iliyopita Hamza alikuwa ameanza kumwamini.

Ghalani kulikuwa na kamera. Kisanduku cha kurekodia kiliteketea, na kila mtu alilijua hilo. Wengi hawakujua kwamba picha zilipanda pia mtandaoni, zikakaa huko siku thelathini, kisha zikajifuta zenyewe, nusu saa kwa nusu saa. Moto ulianza kuonekana karibu na saa tisa kasorobo siku ile. Kwa hiyo kipande kilichotakiwa kingefutika leo saa nane na nusu mchana. Mwenye ufunguo wa picha hizo alikuwa katibu wa ushirika, Lydia, mjane wa miaka arobaini na kitu, na Lydia alikuwa amesahau.

Hakusahau nywila ya kamera. Hiyo hakuwahi kuijua. Kwenye simu yake kulikuwa na programu ya kutunza nywila zote, ya kamera, ya barua pepe, ya kila kitu, na yeye alitakiwa kukumbuka moja tu, ile nywila kuu ya kuifungulia programu yenyewe. Kwa miaka mitatu hakuiandika hata mara moja. Aliweka kidole gumba, mlango ukafunguka. Kisha siku ya pili baada ya maziko ya mamamkwe wake, yaleyale ya siku ya moto, simu ikakutwa ndani ya ndoo ya maji, ikapelekwa kwa fundi Kibaigwa, ikarudi safi, haina kumbukumbu ya chochote. Alipoipakua programu upya, haikutaka kidole. Ilitaka neno.

Hamza alikuwa amezunguka kila upande wa jambo hili mpaka miguu ikamuuma. Kampuni ya kamera ilikuwa ng'ambo, nayo ilijibu barua ya polisi kwa heshima nyingi: siku arobaini za kazi. Kubadili nywila ya kamera kulihitaji barua pepe ya Lydia. Nywila ya barua pepe ilikuwa humohumo ndani ya programu. Kuifungua upya barua pepe kulihitaji laini ya simu iliyofungwa zamani. Na wenye programu walijibu kwamba hata wao hawawezi kuifungua, hawaijui nywila ya mtu yeyote, tena kwa maandishi yao walikuwa wanajivunia. Ufunguo ulikuwa ndani ya nyumba, na nyumba imefungwa kwa nje.

"Shemeji, tulia ufikiri," alisema Stanley, mwenyekiti wa ushirika, ambaye alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Lydia. Aliishi nyumba hii hii, akila chungu kimoja na Lydia na baba yake, na tangu jana alikuwa hapa mkekani, hajala, akisaidia. "Wewe unapenda vitu rahisi. Jina la kijiji, na mwaka tuliofungua ghala."

"Nimeshajaribu la ushirika, shemeji."

"Siyo ushirika. Kijiji."

Akanyoosha mkono, akaiokota simu, vidole vikapita haraka juu ya kioo. Koplo Erica akasema, "Subiri!" lakini simu ilikuwa imekwisha kutikisika. Maandishi mekundu yakabadilika. Lilibaki jaribio moja. Likikosea hilo, programu ingejifuta, maana Lydia mwenyewe aliipanga hivyo kwa kuogopa wezi.

"Samahani, afande," alisema Stanley, na kweli jasho lilimtoka. "Nataka tu kusaidia."

"Naona," alisema Hamza.

Chini ya mstari mwekundu kulikuwa na neno moja dogo la kijivu, kidokezo ambacho Lydia alijiandikia siku alipoiweka nywila: *Nisilolitaja*. Walikuwa wamemwuliza juu ya neno hilo kwa siku tatu. Kila mara alisema hakumbuki alikuwa na maana gani, na kila mara aliinamisha macho. Hamza alikuwa ameandika kwenye daftari lake: *mwanamume?* Mjane wa umri ule, jina asilolitaja; mtu yeyote angefikiri hivyo. Alikuwa amepoteza siku nzima Kongwa akimfuata mwalimu mmoja wa watu ambaye kosa lake pekee lilikuwa kununua mafuta ya alizeti mara nyingi mno.

"Koplo," alisema Hamza. "Nenda na mwenyekiti ghalani. Nataka vipimo vya hatua, kutoka langoni mpaka pale dumu lilipookotwa. Mpime pamoja. Msirudi mpaka niwapigie."

"Tulishapima, afande."

"Mpime tena."

Erica alimtazama bosi wake, akaelewa, akasimama. Stanley alisita, akaitazama simu pale mkekani, kisha akaondoka. Upepo wa Agosti ulikuwa umeanza, ule unaokuja na vumbi jekundu na kulibandika kwenye meno.

Hamza aliigeuza simu. Mgongoni ilikuwa na stika ndogo ya fundi, yenye namba. Kwa siku tatu alikuwa ameitazama stika ile bila kuiona, na sasa alijikasirikia. Akapiga.

"Fundi Gaudence?"

"Ndiye. Nani mwenzangu?"

"Inspekta Hamza, polisi. Kuna simu ya mama mmoja wa Mlali, iliingia maji. Unaikumbuka?"

"Nakumbuka. Lakini haikuingia maji, mkuu."

"Sema vizuri."

"Ilikuwa na maji juujuu, kwenye kava. Ndani kavu kabisa. Inawaka, inapiga. Yule kaka aliyeileta, shemeji yake huyo mama, akasema nifute kila kitu, iwe kama imetoka dukani."

"Hukumwuliza kwa nini?"

"Mkuu, nikianza kuwauliza wateja kwa nini, si nitalala njaa?"

Hamza alishukuru, akakata. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na huyu alikuwa nguoni kweli, amekaa mkekani na kukuletea maji ya kunywa.

"Dada Lydia. Umekosea mara tisa. Nani alitoa majaribio hayo?"

Lydia alihesabu kwa vidole, polepole. "Moja langu. Moja la Koplo. Saba..." Akaacha kuhesabu. "Saba ya shemeji."

"Na ndoo. Nani aliikuta simu kwenye ndoo?"

Lydia alishika mdomo kwa upindo wa khanga, na macho yakamjaa machozi. Hamza alimwacha alie. Kujua ni jambo moja na kuthibitisha ni lingine, na hapo ndipo alipokuwa amekwama. Stanley siku ile alikuwa akimzika mama yake mzazi. Hamza alifungua faili, akayatafuta maelezo yake, akayasoma kwa mara ya kumi. *Mchungaji alipomaliza kuomba, baba alitupa udongo, na mimi nikatupa baada yake. Sikuondoka makaburini mpaka tulipoona moshi.* Sahihi. Watu sita waliosimama nyuma walikubali: udongo wa mzee ulianguka, kisha ukaanguka wa pili. Nani aache kumzika mama yake akachome ghala?

Alifunua karatasi iliyofuata, maelezo ya Lydia. Alikuwa na mwandiko wa katibu hasa, wino wa bluu, herufi zimesimama wima. Isipokuwa mahali pamoja. Kwenye *Mkuu wa kaya* paliandikwa *Zablon* kwa penseli, mwandiko wa Koplo Erica.

"Hapa uliacha wazi," alisema Hamza.

"Koplo alinijazia."

"Jina la babamkwe wako hulijui?"

"Nalijua, afande."

"Litaje."

Lydia alitoa kicheko kifupi cha woga, kama mtu aliyeambiwa avue nguo barabarani. Kicheko kile kilimtosha Hamza. Yeye mwenyewe alikuwa na mke. Kwa miaka kumi na minane mkewe alimwita baba yake Hamza "Mwenye Mji", na siku karani wa zahanati alipomwuliza jina la mzee aliyempeleka, alitoka nje akamwita shamba boi wa jirani aje alitaje.

Hamza alikunja faili. "Nisilolitaja," alisema taratibu.

"Nina aibu, afande."

"Batholomeo ana watoto wanne."

Hapo Lydia akasema yote, bila kuinua uso, maneno yakitoka kama maji ya bomba lililoziba likazibuka. Siku alipoweka programu ile, ilimwambia achague neno ambalo hakuna mtu atakayelisikia kinywani mwake. Akawaza: ni neno gani hilo? Akakumbuka siku alipoletwa hapa bi harusi. Nyanya wa mumewe alimkalisha chini, akamnong'oneza jina la babamkwe, siyo hili la ubatizo linalojulikana na kila mtu, lile la kwanza kabisa, alilopewa siku aliyozaliwa. Akamwambia, nakupa ili ulijue, na ulijue ili usilitaje. Hilo ndilo aliloliandika, na nyuma yake mwaka wa ndoa yake. Mwizi gani angelipata?

"Na ukalisahau."

"Afande, neno hulikumbuka kwa kulisema. Mimi hili sikulisema hata nikiwa peke yangu jikoni. Lilinijia wazo lake tu, likawa linanikimbia nikaliacha likimbie, ndiyo heshima. Sasa nalitafuta halipo. Najua ni mlango gani, lakini hakuna kitu nyuma yake."

"Kwa nini hukuniambia siku ya kwanza?"

"Shemeji alikuwa amekaa hapo. Niseme mbele yake kwamba jina la baba yake nimelifanya kufuli la simu?"

Mficha uchi hazai. Hamza alitaka kumgombeza, akaona hana haki hiyo. Yeye naye alikuwa ameificha stika machoni pake mwenyewe. "Nani mwingine analijua?"

"Nyanya alikufa. Mama tumemzika. Wa rika lake wamekwisha wote." Alielekeza kidevu ng'ambo ya ua, bila kutazama. "Amebaki mwenyewe."

Saa saba na dakika kumi.

Mzee Zablon alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pa chumba chake, ungo wa karanga magotini, akimenya. Hakuwa mzee wa hekima wala wa hadithi. Alikuwa mkali, mchache wa maneno, anayejulikana kijijini kwa kugombana na mbuzi wa watu. Lydia alisimama mbali, hatua kama kumi, akapiga magoti akiwa amegeuka upande.

"Shikamoo, mzee," alisema Hamza.

"Marahaba. Mmemaliza na simu yenu?"

"Bado. Nimekuja kukuomba kitu kimoja. Jina lako."

"Unalo kwenye karatasi zako."

"Hilo ni la kanisani. Nataka la kwanza."

Mikono ya mzee ilisimama juu ya ungo. Alimtazama mkwe wake aliyepiga magoti kule, akamtazama Hamza, na Hamza aliona kwamba ameelewa upesi kuliko alivyotarajia.

"Lilikwenda na mama yangu," alisema mzee, akaendelea kumenya.

"Mzee, kuna mtu yuko ndani."

"Najua yuko ndani. Kanisani tunamwombea kila Jumapili."

"Ukinitajia jina, tutaona nani aliingia ghalani."

"Na nisipokutajia?"

"Saa nane na nusu picha zinafutika, na mimi nitapanda gari nirudi Dodoma. Yeye atabaki huko huko."

Karanga moja, ya pili, ya tatu. Hamza alikuwa amewahoji majambazi kwa urahisi zaidi. Alizunguka, akauliza afya, akauliza mavuno, akarudi palepale, na kila mara alikuta mlango umefungwa. Saa ikawa nane kasoro dakika kumi. Hapo akaacha kubembeleza, akafungua faili.

"Mzee, siku ya maziko. Ulipotupa udongo, nani alitupa baada yako?"

Mzee alimenya karanga nyingine.

"Stanley ameandika ni yeye."

"Ameandika?"

"Ameandika na kutia sahihi."

"Soma."

Hamza akasoma. *Baba alitupa udongo, na mimi nikatupa baada yake.*

"Soma tena."

Akasoma tena. Mzee aliuweka ungo chini, na karanga chache zikamwagika, na hakuziokota. Hamza aliitazama saa yake bila kuficha.

"Nilimwita," alisema mzee hatimaye. "Ni desturi, baba hutupa, kisha mwana. Nikamwita mara moja, kwa sauti ndogo. Hakuwepo. Watu walikuwa wameinamisha vichwa, vumbi limejaa. Nikaona aibu mama yake azikwe bila mkono wa mwanawe wakati yu hai. Nikainama, nikatupa mara ya pili." Alitazama viganja vyake. "Nilifikiri amekwenda kulia pembeni, kwa kuwa ni mwanamume. Moshi ulipotokea nikaacha kufikiri hivyo. Lakini nikanyamaza. Kunyamaza siyo kusema uongo, nilijiambia. Kumbe nilipokuwa nimenyamaza, yeye ameuchukua udongo wangu akautia sahihi. Ameligeuza kaburi la mama yake kuwa maficho."

Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na maumivu ambayo hakuyaficha.

"Sitakuomba useme neno juu ya mwanao, mzee," alisema Hamza. "Si leo. Nataka jina lako tu."

"Unajua nini kitaonekana."

"Najua."

"Hata mimi." Mzee aliinua mkono. "Njoo karibu."

Lydia, kule alikopiga magoti, aliziba masikio kwa viganja vyote viwili na kugeukia ukuta. Mzee Zablon alisema jina lake kwenye sikio la Hamza, mara mbili, kwa sauti ya mtu anayejaribu chombo kilichokaa muda mrefu bila kutumika. Mwandishi wa habari hii naye analijua, na hataliandika.

Hamza aliandika kwa kidole kimoja, herufi ndogo, kama Lydia alivyomwambia. Kisha mwaka. Alimwonyesha mzee, mzee akasoma na kutikisa kichwa kukubali. Lilikuwa jaribio moja, na Hamza, asiyekuwa mtu wa kuomba mara kwa mara, alisema bismillahi kabla ya kubonyeza.

Simu haikutikisika. Kioo kikawa cheupe, kisha ikashuka orodha ndefu: benki, barua pepe, kamera.

Mtandao wa Mlali mchana ule ulikwenda kwa mwendo wa konokono. Lydia alikuja mbio, akasimama kwenye kona ya boma ambako mtandao ulishika, simu ameinua juu, na Hamza akasimama nyuma yake na simu yake mwenyewe akirekodi kioo. Saa nane na dakika kumi na tisa picha ilianza kutembea. Ua wa ghala. Lori. Mbwa amelala kwenye kivuli chake. Batholomeo anatoka langoni na ndoo, anaelekea bombani. Kisha mtu wa suti nyeusi ya msiba akaingia upande wa pili, akatoa dumu chini ya magunia matupu, akaingia nalo ghalani. Alipotoka alikuwa anakimbia, na dumu akalirusha kwenye majani. Aligeuka mara moja kutazama nyuma, na uso wake ukaijaa kamera.

"Shemeji," alisema Lydia.

Stanley alikuwa amekwisha kuyauza kwa siri magunia mengi ya wakulima, na moto ungekula ushahidi. Kwamba Suleiman amelala ndani, huenda hakujua. Hilo lingekuwa la mahakama.

Saa nane na nusu kamili kipande kilitoweka kwenye orodha, kama vile hakikuwahi kuwepo. Lakini kwenye simu ya Hamza kilikuwepo. Alikitazama mara mbili, akakituma Dodoma, akangoja mpaka alipojibiwa kwamba kimefika. Ndipo akampigia Erica.

"Uko naye?"

"Yuko hapa, afande. Anahesabu hatua."

"Mtie pingu. Taratibu, na mchukue simu yake kwanza."

Aliporudi mlangoni pa mzee, alimkuta ameinama akiokota karanga zilizomwagika, moja moja.

"Mlinzi atatoka lini?" aliuliza mzee.

"Picha inakwenda kwa mwendesha mashtaka. Siku mbili, tatu. Nitakwenda mwenyewe kumfungulia."

"Siku mbili, tatu," alirudia mzee. "Mimi nimemkalisha thelathini."

Thelathini zile zilikuwa za Hamza pia.

Lydia alikuwa amepiga magoti tena palepale pa mbali, simu mikononi. "Baba, nisamehe. Nitalibadilisha sasa hivi. Nitaweka neno lingine na kuliandika kwenye karatasi."

"Usilibadilishe."

"Baba?"

"Waliokuwa wakiniita hivyo wamekwisha wote. Liache humo. Humo lina pa kukaa."

"Ndiyo, baba," alisema Lydia. Alisimama, akaipangusa simu kwa upindo wa khanga, akaenda jikoni, maana adhuhuri ilikuwa imepita na mzee hajala. Hamza alikuwa anafunga faili lake uani, na mlango wa jiko ulikuwa wazi. Alimwona akiinjika sufuria na kupima unga wa uwele, watu watatu, kama siku zote. Akasimama kidogo. Kisha akachota wa mtu mmoja, akaurudisha debeni.